Kitanzi na funksheni vimenifungulia njia

Wiki hii nimekamilisha skripti (programu fupi) yangu ya kwanza yenye manufaa katika lugha ya programu ya Python, nayo hubadilisha majina ya mafaili 40 ya picha kwa mpigo mmoja. Mwanzoni nilinakili amri ileile mara 40 nikibadilisha namba tu, hadi nilipoandika kitanzi cha for, yaani amri inayorudia kazi ileile mara kadhaa, na mistari yote ikabaki miwili. Faili la mwisho lilirukwa, kwa sababu range(1, 40), inayokipa kitanzi namba za kupitia, huishia 39; ilinibidi niandike range(1, 41).

Kilichonichukua muda zaidi ni funksheni, yaani kipande cha programu chenye jina kinachoweza kuitwa tena na tena. Niliunda moja ya kutengeneza jina jipya, ikalionyesha vizuri kwenye skrini, lakini kila nilipojaribu kulihifadhi jina hilo kwenye kigeu (jina linalotunza thamani) nilipata None, yaani hakuna thamani, na nilihangaika jioni nzima kabla ya kuelewa kwamba print humwonyesha mtu thamani tu, ilhali return ndiyo inayoikabidhi thamani hiyo kwa sehemu nyingine ya programu. Kwa maoni yangu, tofauti hii ingefaa kufundishwa mapema sana. Nilipobadilisha neno moja tu, print kuwa return, kitanzi kiliiita funksheni mara 40 bila kosa lolote, nami nilifurahi mno.