Mwanafunzi wa zamu ya usiku

Konda aliipokea ile sarafu ya mia mbili, akaigeuza upande wa simba, kisha akanitazama kuanzia kilemba hadi kandambili. "Mama, sare iko wapi?" Gari zima likacheka. Nami nikacheka, ningefanyaje? Nina miaka 36, watoto wawili, na jioni hiyo nilikuwa nimejifunga kitenge. Nikaongeza mia nne.

Hiyo ilikuwa 2024, muhula wangu wa kwanza wa masomo ya jioni. Mchana nauza duka la dawa eneo la Mwanga, saa kumi na moja naingia darasani Kigoma mjini, saa mbili na nusu usiku narudi nyumbani Ujiji. Nauli za LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu, zilizoanza kutumika Desemba 2023 zilipandisha safari ya daladala isiyozidi kilomita 10 kutoka shilingi 500 hadi 600, ila ya mwanafunzi ikabaki 200. Mimi napanda gari mara tatu kwa siku. Hiyo ni 1,800, na kwa wiki ya siku tano ni 9,000, bado sijala wala sijatoa kopi.

Nilidhani kitambulisho cha chuo kitanitetea. Nilikivaa shingoni wiki nzima kama mgeni wa semina. Wapi! Kwa makonda niliokutana nao, mwanafunzi ni sare, begi na soksi. Mwenzangu wa darasani, dada mmoja kutoka Bujumbura, naye alijaribu bahati yake. Alimsalimia konda "Mwiriwe", konda akafurahi, akamjibu kwa Kiha, wakaelewana kabisa mpaka Mwanga. Kisha akadai mia sita yake.

Usiku huo nikamtumia mdogo wangu aliyeko Sydney ujumbe wa sauti wa kulalamika. Akanicheka. Katika jimbo lao la New South Wales, akasema, mwanafunzi kutoka nje ya nchi analipa nauli ya mtu mzima, labda awe amefadhiliwa kikamilifu na serikali ya Australia. Asiyesoma kwa muda wote, kama sisi wa jioni, naye punguzo halimhusu, hata akiwa mwenyeji. Kumbe mimi na Mrundi wangu tungekosa hata huko!

Aliyenifumbua macho ni dereva mmoja, siku ya mvua, tukisubiri gari lijae. Nilimlalamikia, naye hakukasirika. "Dada yangu, tajiri mwenye gari hapunguzi hesabu ya siku eti kwa sababu nilipakia wanafunzi. Asubuhi nikibeba kumi, elfu nne imekwenda. Naitoa wapi?" Mimi muuza duka, lugha hiyo naielewa. Nikaacha kufikiria kitambulisho, nikaanza kufikiria viti vyake. Asubuhi viti vinagombewa, hapo hakuna cha kumwambia. Lakini saa tatu kasoro usiku anarudi Ujiji kulala, hesabu ameshaifunga, gari lina watu wanne, watano. Viti hivyo vinasafiri vitupu kila siku.

Tukajikusanya watano wa darasa la jioni, Mrundi akiwemo, tukamfuata na pendekezo: atusubiri mpaka saa tatu kasoro dakika ishirini, tumlipe mia tatu kila mmoja, fedha ya wiki nzima Jumatatu. Asiyekuja darasani hadai chake. Akataka mia nne. Tukavutana, mwisho akazikubali 7,500 taslimu mkononi.

Haikwenda laini. Konda wake hakuambiwa, akatudai upya njiani kwa ukali. Ikabidi niandike majina yetu kwenye kipande cha boksi la dawa, dereva akakichomeka mbele ya usukani, na konda akawa anatusoma kama mwalimu wa zamu. Wiki ya tatu gari likalala gereji siku mbili na fedha yetu ikiwa imeshaliwa. Ulikuwa ugomvi wa kweli ule, wengine wakataka kujitoa. Tukakubaliana siku hizo zihamie wiki inayofuata, na tangu hapo tunalipa nusu Jumatatu na nusu Alhamisi. Ukitaka kufanya hivi kwenu, anza na utaratibu huo, usitoe yote kwa mkupuo.

Ninachookoa ni 1,500 kwa wiki. Ni kidogo, lakini kinatosha kopi zangu zote, na kikubwa zaidi sisimami tena gizani nikibembeleza bodaboda. Asubuhi na jioni bado nalipa 600 bila ubishi.

Yule konda siku hizi akiniona anaita kwa sauti, "Mwanafunzi wa zamu ya usiku, ingia!" Juzi nikaingia na dumu la mawese la mama mkwe. Akalitazama, akaangalia kile kipande cha boksi. "Hili halina jina hapa," akasema, akanitoza mia tano ya mzigo.