Birmingham kwa Miguu, Nyuma ya Vidole vya Tony Iommi

Kutoka London kwenda Birmingham kuna njia mbili za reli, na mgeni hukosea hapo hapo mwanzoni. Treni za Euston huingia kituo cha New Street baada ya saa moja na dakika ishirini hivi. Za Marylebone huchukua muda mrefu zaidi. Nauli yake mara nyingi ni nafuu, ila hushusha Moor Street au Snow Hill, na kwa safari hii utalazimika kutembea tena hadi New Street. Nilipanda ya Euston.

Ndani ya ukumbi wa New Street amesimama fahali wa mashine mwenye urefu wa mita 10 hivi, mwili wake wote vyuma na gia. Alitengenezwa kwa ajili ya ufunguzi wa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2022, na Julai 2023 akahamishiwa hapa. Wananchi walipiga kura kuchagua jina, likashinda Ozzy. Basi kabla hujatoka kituoni umeshaambiwa umefika mji wa nani.

Sina ugomvi na Ozzy Osbourne, mwimbaji wa kwanza wa bendi ya roki nzito ya Black Sabbath. Lakini anayetaka kuielewa Black Sabbath kwa kutembea katika mji wake, namshauri amfuate mpiga gitaa. Bendi ilitoa albamu 19 za studio, ya kwanza mwaka 1970 na ya mwisho mwaka 2013. Waimbaji walibadilishwa, wapiga dramu wakabadilishwa, hata Geezer Butler, mpiga besi na mtunzi wa mashairi ya miaka ya mwanzo, aliondoka na kurudi zaidi ya mara moja. Tony Iommi yumo katika zote 19.

Kituo cha kwanza kiko karibu mno, ni dakika mbili kwa miguu. Toka upande wa kusini wa New Street uingie Station Street, utafute baa ya zamani iitwayo The Crown. Imefungwa tangu 2014, kwa hiyo usiende ukitegemea kunywa kitu. Ghorofani hapo, mwishoni mwa miaka ya 1960, Jim Simpson aliendesha klabu ya Henry's Blueshouse kila Jumanne usiku, na ndiye aliyekuwa meneja wa kwanza wa vijana hawa wanne wa Aston. Wakati huo walijiita Earth na walipiga bluzi. Mwaka 1969 waligundua kuna bendi nyingine yenye jina hilo hilo, wakaliacha. Mtaa wa pili, Navigation Street, kuna mchoro wao wa ukutani wa mwaka 2025 ambao wote wanne waliuwekea saini. Upige picha asubuhi, kabla magari hayajajaa mbele yake.

Rudi New Street upande treni ya Aston. Hapa pana mtego wa pili. Treni za kaskazini hupita Duddeston na Aston, kisha reli inagawanyika. Zile za Four Oaks na Lichfield hukata kwenda Gravelly Hill. Za Walsall ndizo zinazokwenda Witton, kituo kilicho karibu zaidi na uwanja wa Villa Park. Aliyekusudia Witton akapanda ya Lichfield atajikuta anashuka Gravelly Hill na kurudi alikotoka. Kwa hiyo soma ubao. Mimi nilishuka Aston kwa makusudi, maana mtaa wenyewe ndio niliotaka kuuona kwa miguu. Safari ni ya dakika chache tu.

Aston ya leo haifanani na ile waliyokulia. Barabara kuu ya A38(M), iliyofunguliwa 1972, imepita katikati kama kisu. Kiwanda cha bia cha Ansells kilifungwa 1981, na kile cha sosi ya HP kikafungwa 2007, uzalishaji ukahamia Uholanzi. Zamani kijana wa hapa aliyemaliza shule akiwa na miaka 15 alikuwa na milango ya viwanda pande zote. Ozzy alipitia machinjio na kiwanda cha Lucas, ambako kazi yake ilikuwa kutyuni honi za magari. Iommi alikuwa mchomeleaji katika kiwanda cha mabati.

Siku Iommi alipopata ajali ya vidole, mwaka 1965, ilikuwa yake ya mwisho kazini. Alikuwa na miaka 17 na alikwisha kuaga aende kupiga muziki barani Ulaya na bendi nyingine. Saa ya chakula cha mchana alirudi nyumbani hataki kuendelea na kazi, mama yake akamwambia akamalize siku yake. Mfanyakazi wa mashine ya kukandamiza bati hakufika siku hiyo, akawekwa yeye kwenye mashine asiyoizoea. Ikamshukia mkononi. Alipouvuta mkono, ncha za kidole cha kati na cha pete zilikatika.

Ulikuwa mkono wa kulia. Kwa wapiga gitaa wengi huo ndio unaokwanyua nyuzi, na pengine angeponea hapo. Iommi ni mashoto: wa kulia ndio mkono wake wa kubana nyuzi kwenye shingo ya gitaa, na vidole hivyo viwili ndivyo vyenye kazi kubwa. Nyapara wa kiwandani akamletea sahani ya santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyeungua moto mwaka 1928, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikalemaa, na bado akatamba Ulaya nzima kwa viwili vilivyobaki.

Kilichofuata ni kazi ya ufundi, na inafaa kuielewa hatua kwa hatua kabla ya kuendelea na matembezi. Alichukua chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, ya Fairy Liquid, akaiyeyusha na kuifinyanga kuwa donge. Donge likipoa, alitoboa tundu kwa chuma cha moto cha kulehemu hadi kidole kikaingia, kisha akalipiga msasa kwa subira mpaka likawa subana, ile kofia ya mshonaji, inayotosha ncha ya kidole. Plastiki tupu haifai: inateleza juu ya uzi. Kwa hiyo juu yake aligundisha kipande cha ngozi cha koti kuukuu. Ngozi nayo ina masharti. Ikiwa laini mno uzi unaikata, na ikiwa ngumu mno haishiki. Hata ile inayofaa inabidi isuguliwe mpaka ing'ae kidogo, ndipo iache uzi upite bila kunasa.

Subana haina hisia. Mwenye kidole kizima anajua amebana kwa nguvu kiasi gani. Mwenye plastiki hajui, naye huelekea kukandamiza kupita kiasi. Uzi ukikandamizwa mno nyuma ya freti, vile vyuma vinavyokingama shingo ya gitaa, sauti inapanda na noti inakuwa chafu. Halafu kuna kuvuta uzi kando ili noti ipande, jambo ambalo bluzi haiwezi kuishi bila lenyewe: nyuzi nene za wakati ule zilikuwa ngumu mno kwa vidole vya namna hiyo, na madukani nyepesi hazikupatikana. Akanunua nyuzi za banjo, akaziweka mahali pa uzi wa kwanza na wa pili, na zile za gitaa akazisukuma chini nafasi kwa nafasi. Hata baadaye aliendelea na uzi wa inchi 0.008, yaani milimita 0.2 tu, kwa hizo mbili za juu. Mguse mpiga gitaa yeyote kwa uzi huo atakuambia unakatika ukiutazama vibaya.

Hapa kuna kosa ambalo hata mashabiki hulirudia. Wanasema ajali ilimlazimisha kulegeza nyuzi tangu mwanzo, ndiyo maana muziki ni mzito. Albamu mbili za mwanzo, zote za 1970, ziko katika tyuni ya kawaida. Kulegeza kulikuja na Master of Reality ya 1971, ambamo katika nyimbo kadhaa gitaa na besi vimeshushwa nusu-toni tatu. Uzi mnene wa gitaa, ambao kwa kawaida hutetema mara 82.4 kwa sekunde, ukashuka hadi 69.3. Na kwa kuwa mkazo hufuata kipeo cha pili cha mtetemo, mkazo wa uzi unabaki kama asilimia 71 ya ule wa awali. Vidole vinapumua, na sauti inaingia kifuani. Bei yake ipo pia: uzi uliolegea hugonga freti na kulia chakachaka, na ukikwanyuliwa kwa nguvu noti huanza juu kidogo kabla ya kutulia mahali pake. Anayetaka kuiga asilegeze tu. Apandishe nyuzi kidogo kutoka shingoni na apunguze nguvu ya mkono.

Uzito wa albamu ya kwanza una chanzo kingine. Wimbo unaobeba jina la bendi umejengwa juu ya noti tatu: G, G ya juu yake, kisha C iliyopandishwa nusu-toni, umbali ambao sikio halipati pa kutua. Zipige taratibu, uache ya mwisho itetemeke, na nusu ya kazi imekwisha. Albamu nzima ilirekodiwa London, studio ya Regent Sound, kwa siku moja ya saa 12 hivi, Oktoba 1969, chini ya prodyuza Rodger Bain. Gitaa la Iommi, Stratocaster, lilikufa kifaa cha kunasa sauti ya nyuzi baada ya wimbo mmoja, akamalizia kwa Gibson SG aliyokuja nayo kama akiba, na gitaa la umbo hilo likawa lake maisha yote. Mvua na kengele za mwanzo ziliongezwa wao wakiwa wameshaondoka. Ikatoka Ijumaa, tarehe 13 Februari 1970.

Kutoka kituo cha Aston hadi Villa Park ni mwendo wa robo saa au zaidi kidogo. Huhitaji ramani: tafuta mnara uliochongoka wa kanisa la Aston, uelekee huko ukipita chini ya barabara kuu. Kanisa, uwanja wa mpira na Aston Hall, jumba lililokamilika 1635, vimekaa pamoja kama majirani wa kiambaza kimoja. Siku ya mechi usiende, labda kama una tiketi ya mechi.

Njiani kuna nafasi ya kuihesabu miaka ya kati, ambayo wengi huiruka. Ozzy alifukuzwa 1979. Akaja Ronnie James Dio na albamu ya Heaven and Hell ya 1980, na kwa maoni yangu ndiyo inayothibitisha kwamba injini ya bendi ilikuwa mkono wa gitaa: mwimbaji mwingine kabisa, mashairi mengine, lakini rifu mbili tu, vile vipande vifupi vya gitaa vinavyorudiwa, zikipigwa unajua ni nani. Mwaka 1983 aliimba Ian Gillan, na kwa ziara hiyo wakaagiza jukwaa la mawe ya Stonehenge. Vipimo vilivyokusudiwa kuwa futi vikasomwa kama mita, yakaja mawe makubwa kuliko kumbi. Fundi yeyote anayepokea oda aandike kipimo kwa ukamilifu wake. Miaka iliyofuata alikuwepo Tony Martin, kwa albamu tano zisizopata sifa zinazostahili. Anza na Headless Cross ya 1989.

Desemba 1997 wale wanne wa awali walikutana tena jukwaani Birmingham. Januari 2012 Iommi alitangaza kuwa ana saratani ya limfu, na albamu iitwayo 13 iliandikwa na kurekodiwa kwa kupangwa kufuata matibabu yake. Ikatoka 2013 na kushika namba moja Uingereza, bila Bill Ward, mpiga dramu wa awali, ambaye hawakuelewana naye juu ya mkataba. Ziara ya kuaga ikaishia Birmingham tarehe 4 Februari 2017, Ward akiwa bado hayupo.

Deni hilo lililipwa hapa Villa Park, tarehe 5 Julai 2025. Wanne wote, wazaliwa wa 1948 na 1949, baada ya siku nzima ya bendi nyingine kubwa. Ozzy, mgonjwa wa Parkinson, aliimba akiwa ameketi katika kiti cheusi cha enzi. Walipiga nyimbo nne: War Pigs, N.I.B., Iron Man na Paranoid. Siku 17 baadaye Ozzy alifariki. Ukisimama nje ya uwanja ukatazama kusini unaona mitaa waliyokulia, na umbali kati ya mlango wa nyumbani na jukwaa la mwisho ni wa kutembea.

Kurudi, panda treni Witton hadi New Street, kisha tramu kituo cha Grand Central uelekee Broad Street, ushuke Brindleyplace. Hatua chache nyuma kuna daraja juu ya mfereji, ambalo sasa lina jina la Black Sabbath. Julai 30, 2025 msafara wa mazishi ya Ozzy ulisimama hapa, na maua yalilifunika benchi la chuma lililowekwa 2019.

Jioni ile benchi lilikuwa na foleni fupi ya wapiga picha, kila mmoja akikaa dakika moja na kumpisha mwingine. Chuma ni baridi, hasa ikiwa mvua imepita. Limeandikwa majina manne, Geezer, Ozzy, Tony na Bill, na maneno ya kusema wametengenezwa Birmingham mwaka 1968. Juu yake kuna sura zao, zimepangwa bega kwa bega. Ni sura tu. Mikono haikuwekwa.