Mazombi mjengoni: Dead Set ilivyoundwa

Waliofuatilia Big Brother Africa, shoo ya televisheni ambamo washiriki hufungiwa nyumba moja na kutolewa mmoja mmoja kwa kura, enzi za washindi Richard Bezuidenhout (2007) na Idris Sultan (2014), wanaujua mjengo, yaani nyumba hiyo. Kuta ndefu, geti linalofunguliwa na watu wa nje, kamera kila kona, vioo vinavyoficha wapiga picha, na washiriki ambao hata vita vikizuka hawapati habari. Ukikaa ukafikiri, hiyo ni ngome. Mwandishi Charlie Brooker alifikiri, na matokeo yake ni Dead Set, tamthilia ya mazombi ya Uingereza iliyorushwa na kituo cha E4 usiku 5 mfululizo, kuanzia 27 Oktoba 2008 hadi usiku wa Halloween. Mwongozaji ni Yann Demange. Sehemu ya kwanza ndiyo ndefu, nyingine 4 ni za nusu saa ukijumlisha matangazo ya biashara. Zote pamoja ni kama saa 2 na dakika 20, kwa hiyo unaweza kuimaliza jioni moja.

Kwanza tuelewane kuhusu ruhusa, maana hapo ndipo wengi wanaoiga wazo hili wanapokwama. Kampuni iliyoitengeneza, Zeppotron, ilikuwa chini ya Endemol, waliokuwa wenye Big Brother yenyewe, na E4 ni ndugu wa Channel 4, iliyokuwa ikirusha Big Brother Uingereza tangu 2000. Ndiyo maana jina ni lenyewe, nembo ya jicho ni yenyewe, sauti ya msimulizi ni ya Marcus Bentley, na mtangazaji ni Davina McCall akicheza kama Davina McCall. Washiriki wa zamani wa mjengo wa kweli, kina Brian Belo, Aisleyne Horgan-Wallace na Eugene Sully, wanaonekana kwenye sherehe ya usiku wa kutoana. Ukitumia shoo ya kubuni, mtazamaji anahitaji muda wa kufundishwa kanuni. Hapa hakuna darasa: dakika chache tu na kila mtu anajua nani yuko wapi na mlango upi unaenda wapi.

Hadithi inaanza usiku wa mshiriki kutolewa. Nchini kuna ghasia, na wasiwasi wa Patrick, prodyuza anayechezwa na Andy Nyman, ni mmoja tu: taarifa ya habari isije ikamnyang'anya muda wake hewani. Kelly (Jaime Winstone) ni msaidizi wa kutumwatumwa. Mazombi wanapofika kwenye umati uliokuja kushangilia, walio nje wanaisha haraka. Mle ndani washiriki hawana habari. Wanasikia kelele, wanadhani ni mashabiki. Kelly anapoingia akiwa na damu mwilini, wao wanahisi ni mtego mwingine wa watayarishaji. Huo ni utani, lakini pia ni ufundi: tatizo sugu la filamu za mazombi ni namna ya kueleza kwa nini wahusika wanachelewa kuamini. Kwa kawaida mwandishi hulazimika kuwafanya wajinga. Hawa si wajinga, wamezoea kudanganywa kila wiki na wanalipwa kwa umaarufu.

Sasa mjengo wenyewe, kwa sababu hapa ndipo penye utamu. Nyumba ya Big Brother ina tabaka mbili. Ya ndani ni vyumba vya washiriki, bustani, na kile chumba cha kiti kimoja ambamo mtu huongea na Big Brother. Ya nje ni korido za giza nyuma ya vioo, zenye kamera na watu waliovaa nyeusi, na mbele zaidi chumba cha kuongozea matangazo chenye ukuta wa skrini. Dead Set inazitumia tabaka zote mbili. Washiriki wako tabaka la ndani, salama lakini vipofu. Patrick amekwama upande wa watayarishaji pamoja na Pippa, mshiriki aliyetoka kutolewa, huku Davina aliyekwisha kuwa zombi akiwasubiri nje ya mlango. Choo hakuna. Kuna ndoo ya takataka, na mwandishi hakuona haya kuitumia. (Usile chakula ukitazama.)

Kamera nazo hazizimi. Riq, mpenzi wa Kelly anayechezwa na Riz Ahmed, yuko mbali na anamwona Kelly kwenye televisheni akiwa hai, ndani ya shoo inayoendelea kuruka hewani wakati hakuna anayeiongoza. Ni kifaa cha hadithi kinachofanya kazi tatu kwa mpigo: kinampa Riq sababu ya kusafiri, kinamwambia aende wapi, na hakihitaji simu. Kwenye filamu nyingi za aina hii, mtandao wa simu ukikatika mwandishi anaanza kutegemea bahati.

Mazombi wa Dead Set wanakimbia, na kuhusu mwendo huo palizuka ubishi. Simon Pegg, aliyeshiriki kuandika filamu ya vichekesho vya mazombi Shaun of the Dead (2004), aliandika katika gazeti la The Guardian mwaka 2008 akilalamika kwamba zombi hakimbii, nguvu yake ni mwendo wa polepole usiozuilika. Kwa filamu ya saa 2 ndani ya jengo kubwa, namwelewa. Kwa Dead Set, hapana. Sehemu ya nusu saa inahitaji hatari inayofika kabla hujafunga geti, na geti ndilo kila kitu humu. Zombi wa kutembea angewapa washiriki dakika za kujadiliana. Upungufu ninaouona mimi ni mwingine: kamera ya mkononi inatikisika mno kwenye mashambulizi, na mara mbili tatu hujui nani kaumwa hadi tukio liishe.

Aya hii inafichua mwisho, iruke kama hujaitazama. Ngome haivunjwi kutoka nje. Patrick anapanga kukatakata maiti ili nyama iwavute mazombi mbali na njia ya kutokea, wenzake wanamfunga kamba, halafu mmoja wa walio ndani anamsikiliza. Ni kama kura ya kutoana, ila bila simu za watazamaji.

Brazili waliirudia kwa jina la Reality Z, Netflix, Juni 2020, sehemu 10. Shoo ya humo inaitwa Olimpo, washiriki wamevaa kama miungu ya Kigiriki, na mtangazaji anachezwa na Sabrina Sato, ambaye mwenyewe alipitia Big Brother Brasil mwaka 2003. Sehemu 5 za mwanzo zinafuata nyayo za Dead Set karibu hatua kwa hatua. Halafu wanaingia watu wapya kwenye nyumba ileile na hadithi inaanza upya, ikielekea kwenye siasa na rushwa za Rio de Janeiro. Nusu hiyo ya pili inajikongoja, kwa kuwa wageni hawa hawana uhusiano wowote na shoo, na nyumba inabaki kuwa maficho ya kawaida yenye mapambo ya ajabu. Ila kama umeshamaliza Dead Set, anzia hapo hapo sehemu ya 6. Hutapotea, na utakuwa umejiokolea saa 2 za kutazama kitu ulichokwisha kukijua.