Vihusishi vya Kiingereza: nilivyoacha kuvitafsiri

Tazama sentensi hizi tatu: "Asha yuko sokoni", "Asha ameenda sokoni", "Asha ametoka sokoni". Neno sokoni halijabadilika hata herufi moja. Ziandike kwa Kiingereza: "Asha is at the market", "Asha has gone to the market", "Asha has come from the market". Sasa kuna vihusishi vitatu tofauti. Kiswahili kimempa kitenzi kazi ya kueleza kama mtu anakwenda, anatoka au ametulia, na ile -ni inatuambia tu kwamba hapa pametajwa mahali. Kiingereza kazi hiyo hiyo kimekiachia kineno kidogo kinachotangulia jina. Anayetafsiri neno kwa neno anafika kwenye sokoni na hana cha kutafsiri, kwa hiyo anaokota "in" au anaacha pengo.

Nilipolielewa hilo niliacha kuuliza "katika kwa Kiingereza ni nini?" Swali hilo halina jibu. Wengi wetu tumebeba kamusi fupi kichwani: "katika" ni "in", "juu ya" ni "on", "kwa" ni "by", "na" ni "with". Nilianza kwa kuifuta hiyo. Nilichukua neno "kwa" peke yake, nikalipitisha kwenye maneno ya kila siku. Kwa basi ni "by bus", kwa miguu ni "on foot", kwa kisu ni "with a knife", kwa Kiswahili ni "in Swahili", kwa siku tatu ni "for three days". Kwa daktari ni "to the doctor's" ukiwa unakwenda na "at the doctor's" ukishafika. Mara mbili kwa wiki ni "twice a week", bila kihusishi chochote. Kineno kimoja, majibu manane. Fanya zoezi hilo kwa maneno "kwa", "na", "katika" na "juu ya", kila moja kwenye ukurasa wake, na tabia ya kutafsiri itaanza kulegea yenyewe.

Baada ya hapo niligawa vihusishi mafungu mawili, na mgawanyo huu ndio ulionisaidia kuliko kitu kingine. Fungu la kwanza ni mahali na wakati. Hapa kuna kanuni, na kanuni zinashika. Fungu la pili ni vihusishi vilivyoshikamana na neno fulani, kama "depend on" au "afraid of". Hapa usitafute mantiki. Kihusishi ni sehemu ya neno kama vile mkia ulivyo sehemu ya ng'ombe, na unajifunza vyote viwili pamoja.

Kwenye mahali, Kiswahili chenyewe kinatusaidia kuliko tunavyodhani, kwa sababu tunazo pa, ku na mu. Ukiweza kusema humo au mna, kama "kisimani mna maji" au "chumbani mna watu", Kiingereza karibu kila mara kinataka "in". Kitu kikigusa uso wa kitu kingine, ni "on": ukutani ni "on the wall", sakafuni ni "on the floor", ukurasa wa 12 ni "on page 12". Mahali pakichukuliwa kama nukta tu, bila kujali ndani wala juu, ni "at": mlangoni, kituoni, kwenye kipilefti. Tazama neno mezani. "Chakula kiko mezani" ni "on the table", maana sahani zimegusa mbao. "Watoto wako mezani" ni "at the table", maana wamekaa hapo kula. Ukiandika "the children are on the table", msomaji anawaona wamepanda juu.

Vyombo vya usafiri vina kanuni yao. Chombo ambacho abiria anaweza kusimama na kutembea ndani yake kinachukua "on": basi, treni, ndege, feri. Gari dogo na teksi ni "in". Bajaji unakaa ndani, kwa hiyo ni "in". Bodaboda unaipanda kama farasi, kwa hiyo ni "on". Visiwa navyo vinataka uangalifu: kisiwa kama ardhi iliyozungukwa na maji ni "on", kwa mfano "on Mafia Island", lakini mji au nchi ni "in". Ndiyo maana tunaandika "on Lamu Island" tukizungumzia kisiwa, na "in Lamu" tukiwa na maana ya mji. "Arrive" inafuata mkondo huo: "arrive in Mombasa", "arrive at the station". Maneno "home", "here" na "there" hayataki "to", kwa hiyo "go to home" na "go to there" ni makosa, sawa na mtu angesema kwa Kiswahili "nenda kwenye huko".

Wakati ni rahisi zaidi. Saa ni "at", siku ni "on", mwezi na mwaka ni "in". Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulifanyika "on 26 April 1964", au "in April 1964", au "in 1964". Siku ikitajwa inatawala: "in the morning", lakini "on Monday morning". Usiku ni "at night". Palipo na "this", "last", "next" au "every", kihusishi kinaondoka, hivyo hakuna "on next Monday".

Kinachowaangusha watu ni mpaka na hadi. "Nitasubiri mpaka Ijumaa" ni "until Friday", kwa sababu kusubiri kunaendelea mfululizo. "Hadi Ijumaa nitakuwa nimemaliza" ni "by Friday", kwa sababu kumaliza kunatimia mara moja, kabla ya siku hiyo kupita. Kipimo changu ni neno ifikapo. "Ifikapo Ijumaa nitakuwa nimemaliza" inakaa vizuri, basi ni "by". "Nitasubiri ifikapo Ijumaa" haikai, basi ni "until". Tangu nayo itenganishwe na muda: "since 2019" inataja mwanzo, "for five years" inataja urefu. "Since five years" ni kosa, hata kama masikio yetu yameizoea.

Fungu la pili ndilo lenye kazi. Nilikunja ukurasa wa daftari katikati. Upande mmoja niliandika vitenzi ambavyo kwa Kiswahili vinapokea jina moja kwa moja lakini Kiingereza kinadai kihusishi: kusubiri, "wait for", kusikiliza, "listen to", kutegemea, "depend on", kuomba, "ask for", kuogopa, "be afraid of", kujaa, "be full of", kama ndoo iliyojaa maji. Kuangalia, kutafuta na kutunza ni vitenzi vitatu kwetu, lakini kwao vinaweza kutoka kwenye kitenzi kimoja: "look at", "look for", "look after". Ukibadilisha kihusishi umebadilisha kitenzi kizima.

Upande wa pili ni kinyume chake, na hapa ndipo makosa ya barua na ripoti zetu yanapozaliwa. Sisi tunajadili juu ya jambo, tunasisitiza juu yake, tunaoana na mtu, tunawasiliana naye, tunafanana naye. Basi tunaandika "discuss about", "emphasise on", "marry with", "contact with", "resemble with". Vitenzi hivi vyote kwa Kiingereza vinakamata jina bila daraja: "discuss the budget", "emphasise the point", "marry her", "contact the office", "resemble his father". Kosa linajirudia kwa sababu nomino za maneno hayo hayo zinataka kihusishi. Ni sahihi kabisa kuandika "a discussion about the budget", "an emphasis on quality", "contact with the office", "a request for leave", "a demand for payment", "a lack of water". Nomino inabeba kihusishi, kitenzi chake hakibebi: "we request leave", "they demand payment", "we lack water". Nilipoanza kujiuliza kabla ya kuandika kama neno langu hapa ni nomino au kitenzi, kundi kubwa la makosa liliondoka kwa mkupuo mmoja.

Mengine ni mseto wa misemo miwili. "Result to" imezaliwa na "result in" na "lead to". "Despite of" ni "despite" iliyovaa "of" ya "in spite of". "Cope up with" imeazima "up" kutoka "keep up with". Sahihi ni "cope with". Ukijua kosa limetoka wapi, mkono unasita wenyewe unapolikaribia.

Kauli ya kutendea inastahili ukurasa wake. Kwetu kiambishi kimoja ndani ya kitenzi kinafanya kazi ya vihusishi kadhaa: alimpikia ni "cooked for him", alimwandikia ni "wrote to him", alimkimbilia ni "ran to him", kisu cha kukatia nyama ni "a knife for cutting meat". Kwa kuwa yule mtendewa kwetu anakaa ndani ya kitenzi, "nieleze" inatoka ikiwa "explain me". Kiingereza kinakubali "tell me", "give me", "show me", "send me", lakini kinakataa hivyo kwa "explain", "describe", "suggest", "mention", "report" na "announce". Hivi vinataka "to": "explain to me", "suggest to us". Vingi katika kundi hili la pili vina asili ya Kilatini, na ni virefu kidogo. Hiyo si kanuni ya kuapia, ila ni ishara nzuri ya kukufanya ufungue kamusi.

Kirejeshi nacho kina mtego wa pande mbili. "Mtu niliyekwenda naye" inavuta kalamu kuandika "the person I went with him", kwa sababu kwetu naye ni lazima. Kwa Kiingereza "him" inaondoka na "with" inabaki mwishoni: "the person I went with". Upande mwingine, "nyumba ninayoishi" haina alama ya ndani, ndipo "in" inapopotea: "the house I live". Badala yake fikiri "nyumba ninamoishi". Ile -mo- ndiyo "in" yako, nayo ibaki: "the house I live in". Vivyo hivyo, kalamu ninayoandikia ni "the pen I write with".

Kumbuka pia kwamba baada ya kihusishi kitenzi huchukua -ing. Kabla ya kwenda ni "before going". Ku- yetu inatushawishi kuandika "before to go", na pia "I look forward to hear from you" mwishoni mwa barua. Hapo "to" ni kihusishi, kwa hiyo ni "to hearing".

Utaratibu wa kukariri ni huu. Maneno matano kwa siku, si zaidi. Kushoto naandika sentensi ya Kiswahili, kulia sentensi nzima ya Kiingereza, kamwe si "depend on" peke yake bali "it depends on the price". Nafunika kulia na kuandika upya kesho yake, siku ya tatu, na siku ya saba. Kosa lenyewe siliandiki daftarini, kwa sababu jicho hulikumbuka kama linavyokumbuka lililo sahihi. Maneno pacha kama "angry with" mtu na "angry about" jambo siyachukui siku moja. La kwanza likae imara, ndipo la pili liingie.

Kwa kuhakiki, kamusi ya wanafunzi inatosha mara nyingi. Kihusishi huchapwa kwa herufi nzito karibu na maana, na mifano ikifuata. Kamusi ikinyamaza, ziko hazina za matini, yaani mikusanyo ya maandishi na mazungumzo halisi, zinazofunguka kwenye intaneti: British National Corpus yenye maneno milioni 100, na ile ya Kimarekani, COCA, yenye zaidi ya bilioni moja. Tafuta miundo yote miwili na ulinganishe idadi. Kisha soma mistari yenyewe, maana idadi pekee inaweza kudanganya. Ukitafuta "discuss about" unaweza kukuta sentensi kama "discuss about twenty cases", ambapo "about" ina maana ya takriban na si juu ya.

Kipimo cha mwisho ni aya ya maneno kama 200 iliyoandikwa vizuri. Nainakili, nafuta kila kihusishi, naiacha siku mbili ili isibaki masikioni, halafu naijaza. Utakuta nafasi 20 na ushei. Usihesabu makosa kwa jumla, yapange. Yakiwa ya mahali na wakati, rudi kwenye kanuni. Yakiwa ya maneno yaliyoshikamana, sentensi sahihi za maneno hayo ziingie daftarini.

Chagua pia upande mmoja, Uingereza au Marekani, na ubaki nao ndani ya andiko moja. "At the weekend" ni ya Uingereza, "on the weekend" ni ya Marekani. Fomu "you fill it in" au "you fill it out", zote mbili ni sahihi. "Fill the form" bila kineno chochote ndiyo inayotusaliti, pamoja na "pick me at the airport". Kwetu kuchukua ni neno moja lililojitosheleza, ila "pick" peke yake ni kuchagua au kuchuma. Anayeomba apokewe uwanja wa ndege aandike "pick me up".