Risasi kwenye sanduku la barua

Umeme umerudi saa mbili, nikasema niangalie filamu kidogo nilale. Nikaangukia The Insider, ya 1999.

Sasa ni saa sita na ushee, macho makavu!

Jeffrey Wigand, mwanasayansi wa kampuni ya sigara Marekani, anatoboa siri za nikotini. Mahojiano yanarekodiwa, halafu wakubwa wa televisheni ya CBS wanayakalia wakiogopa kesi. Yalikuja kurushwa yote Februari 1996. (Mwigizaji Al Pacino humo ndani anafoka, acha tu.)

Ila kilichonimaliza ni risasi.

Jamaa anafungua sanduku la barua nyumbani kwake, anaikuta humo. Sanduku lile lile la bili.

Nimeenda kukagua komeo la mlango, mimi nisiye na siri ya mtu!

Nyie mngesema, au mngekula jiwe?