Jinsi ninavyopima bluu ya mbingu nikiwa Kasese

Huku Kasese tunaishi chini ya Rwenzori lakini kiangazi mlima unaweza kupotea siku nyingi, vumbi na moshi wa kuchoma majani vinaufunika na mbingu inakuwa nyeupe-nyeupe tu. Mi nachora, na nilitaka sana ndugu zangu wa Kampala na Arua waione mbingu yetu ilivyo, shida picha za simu zinadanganya, kamera inajirekebishia mwanga yenyewe, simu hii bluu, ile kijivu.

Basi nikasoma habari za Horace-Bénédict de Saussure, mwanasayansi wa Geneva, mwaka 1789 alipaka karatasi rangi kutoka nyeupe, kupitia bluu, mpaka nyeusi akazipanga duara, daraja 53, unainua juu unatafuta ipi inafanana na mbingu. Mwanasayansi mwingine, Humboldt, akaibeba mpaka mlima Chimborazo huko Ekuado 1802 akasoma daraja 46. Yaani unatuma namba tu! Hiyo ndo nilikuwa naitafuta.

Nikachukua manila nyeupe na rangi ya maji, bluu iliyokolea. Maji kijiko kimoja, tone moja la rangi, napaka ukanda mrefu, naongeza tone, napaka mwingine, mpaka kanda kumi. Zikikauka ndo nakata vipande vya kadi zote, kwa sababu ukichanganya upya kila kadi, namba nne yangu haiwezi kuwa sawa na namba nne ya shangazi. Kando ya kila rangi natoboa tundu, unachungulia mbingu kupitia hapo, jua liwe mgongoni, wote saa nne asubuhi, na uangalie juu kabisa, maana chini karibu na vilima huwa imepauka siku zote, jicho linapita kwenye hewa nyingi zaidi.

Kadi zikaenda kwa basi. Shangazi wa Arua anaandika, "Mwanangu leo tatu, watu wanachoma mashamba." Mvua ikipiga usiku anatuma saba na furaha yake unaisikia kabisa, vumbi limeoshwa.

Kila Jumapili napaka rangi za namba hizo kwenye kitambaa, mstari wa Kasese, wa Kampala, wa Arua, na ule wa Kampala umepauka kuliko yote, inaniuma kwa kweli.

Mpwa wangu anabebea watalii mizigo mlimani, alipofika kwenye barafu akaniambia, "Mjomba, huku bluu ya kadi imeisha." Kule hewa ni chache, mbingu inakuwa nzito. Sasa namtengenezea kanda nyingine zenye tone la wino mweusi, apande nazo safari ijayo.