Ile asilimia 95 ilinidanganya

Rangi ndiyo iliyoanza kuniambia ukweli, nami sikuisikiliza.

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni. Zoezi lenyewe lilikuwa dogo: tia chuma kwenye salfeti ya shaba, upate shaba. Nilipima gramu 8.00 za fuwele za buluu, nikaziyeyusha katika maji ya moto, nikamimina humo gramu 2.50 za unga wa chuma huku nikikoroga. Hesabu nilikuwa nimeshaifanya usiku wa kuamkia siku hiyo, na ilisema chuma kitakwisha kwanza, salfeti ya shaba itabaki. Kama ndivyo, maji yalipaswa kubaki na buluu yake, hata kama imefifia.

Baada ya robo saa niliacha kukoroga, unga ukatulia chini. Maji ya juu yalikuwa ya kijani hafifu. Buluu haikuwamo hata kidogo.

Nikaendelea tu. Nikachuja, nikasuuza, nikakausha, nikapima: gramu 2.69. Nilitarajia gramu 2.83. Nikagawanya, nikapata asilimia 95. Nakumbuka furaha niliyokuwa nayo wakati naiandika namba hiyo na kuipigia mistari miwili chini.

Mwalimu wangu aliisoma ripoti, akaniuliza kama unga ule bado ninao. Nikamletea. Akachukua sumaku, akaizungushia kipande cha karatasi, akaipitisha juu ya kile nilichokiita shaba. Chembe zikaruka na kung'ang'ania karatasi. Shaba haivutwi na sumaku. “Haya,” akasema, “rudi kwenye fuwele zako. Zina nini ndani?”

Zilikuwa na maji. Mlinganyo wenyewe ni huu:

Fe + CuSO₄ → FeSO₄ + Cu

Moli moja kwa moli moja (moli ni fungu la idadi maalumu ya chembe, ileile kwa kila dutu), hakuna cha kuhangaisha. Kosa langu halikuwa hapo. Nilikuwa nimegawanya gramu 8.00 kwa 159.5, ambayo ni gramu za moli moja ya salfeti ya shaba kavu, ile nyeupe. Fuwele za buluu hubeba molekuli tano za maji kwa kila CuSO₄ moja, na moli moja yake ni gramu 249.5. Zaidi ya theluthi moja ya nilichokipima yalikuwa maji! Kwa hiyo sikuwa na moli 0.0502 za salfeti ya shaba kama nilivyodhani. Nilikuwa na moli 0.0321. Chuma, gramu 2.50 gawanya kwa 56, kilikuwa moli 0.0446.

Ukiziweka namba hizo pamoja, kila kitu kinapinduka. Kilichokwisha kwanza ni salfeti ya shaba, ndiyo maana buluu ilitoweka. Shaba ambayo ingeweza kupatikana ni moli 0.0321 tu, yaani gramu 2.04, na chuma cha kama gramu 0.70 kilibaki bila mwenzi. Jumlisha hivyo viwili: 2.74. Sasa unaona ilikotoka ile 2.69 yangu. Nilipima shaba pamoja na chuma kilichobaki, nikailinganisha na matarajio yasiyo sahihi, na makosa mawili yakakutana yakazaa asilimia nzuri ajabu.

Nimefundisha kemia miaka mingi tangu hapo, na hili ndilo ninalolipigania kuliko lolote katika mada hii. Wanafunzi hufika kwangu wakiwa tayari wanajua hatua: badili gramu kuwa moli, gawanya kila moja kwa namba iliyo mbele yake katika mlinganyo uliosawazishwa, aliye mdogo ndiye anayekwisha kwanza. Huyo mimi humwita kitendanishi kikomo, kwa sababu zao lote hukomea kwake. Hata ukimwongeza mwenzake mara kumi, hupati kitu zaidi. Hatua hizo ni sahihi. Lakini watu huzifanya kana kwamba ni hesabu za karatasini tu, wakati kila jibu linatabiri kitu unachoweza kukiona: nini kitabaki kwenye flaski. Basi kitazame.

Kwa hiyo darasani huanza na puto, kabla sijaandika namba yoyote ubaoni.

Naweka flaski tatu. Kila moja ina mililita 100 za asidi ya haidrokloriki ya moli 1 kwa lita, yaani moli 0.1 za asidi. Kwenye mdomo wa kila flaski navisha puto lenye magnesiamu ndani: gramu 0.6 la kwanza, gramu 1.2 la pili, gramu 2.4 la tatu. Nawaambia waandike watakachokiona. Wengi huandika kwamba la tatu litakuwa kubwa maradufu ya la pili. Kisha nayainua maputo, magnesiamu inadondoka, asidi inachemka kwa mapovu, na haidrojeni inaanza kuyajaza.

La kwanza hujaa kiasi. La pili hujaa mara mbili yake, kama lita 1.2. La tatu hujaa... sawasawa na la pili. Hapo darasa hunyamaza. Na kwenye flaski ya tatu, chini kabisa, kuna magnesiamu imelala, mapovu yamekoma karibu yote.

Mg + 2HCl → MgCl₂ + H₂

Ile namba 2 ndiyo inayowakwaza. Katika flaski ya tatu magnesiamu ilikuwa moli 0.1 na asidi moli 0.1, na kuna anayesema lazima zikwishe pamoja. Hapana. Kila moli ya magnesiamu inadai moli mbili za asidi. Zinazokwisha pamoja ni zile za flaski ya pili, moli 0.05 kwa moli 0.1. Mtu aliyeiona ile magnesiamu imelala huko chini hasahau tena kugawanya kwa namba ya mbele.

Kuhusu asilimia ya zao, fomula ni nyepesi: ulichopata, gawanya kwa ulichopaswa kupata, zidisha kwa 100. Ukivuka 100, usishangilie. Unga wako bado una unyevu, au kuna kitu kingine ndani yake. Ukipungua, sababu ni nyingi: kingine kimeganda kwenye karatasi ya chujio, kingine kimeingia katika mmenyuko wa pembeni, na pengine mmenyuko wenyewe haufiki mwisho. Viwanda vya amonia ni mfano ninaoupenda: katika mzunguko mmoja ni kama asilimia 15 tu ya gesi zinazogeuka kuwa amonia, kwa hiyo amonia hutolewa na nitrojeni na haidrojeni zilizobaki hurudishwa ndani tena na tena. Na anayetengeneza dawa kwa hatua kumi, kila hatua ikimpa asilimia 90, ajue mwishoni atabaki na 35 hivi. Hapo ndipo upungufu wa hatua moja unapoanza kuuma.

Lipo jambo ambalo kwa maoni yangu halisemwi vya kutosha: ziada huchaguliwa. Katika zoezi langu, salfeti ya shaba ikibaki, unaisuuza kwa maji na imekwenda. Chuma kikibaki, kinajificha ndani ya shaba yako. Siku hizi nikipanga zoezi hilo, natia fuwele za kutosha ili chuma ndicho kiishe, na wanafunzi waione buluu ikibaki kama ushahidi.

Ila siku ile chuma kilikuwa kimeshabaki, na mwalimu hakuniacha niondoke hivyo. Alinipa asidi ya salfuriki iliyozimuliwa. Nikaumimina unga wangu humo, mapovu madogo yakaanza kupanda kutoka kwenye chembe za chuma, moja moja, yakaendelea kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani. Shaba haiguswi na asidi hiyo. Mapovu yalipokoma kabisa nikachuja, nikasuuza, nikakausha upya.

Gramu 1.92 kati ya 2.04. Asilimia 94. Nikaenda mwenyewe kuchukua sumaku, nikaizungushia karatasi, nikaipitisha juu ya ule unga mwekundu. Hakuna chembe iliyotikisika.